Shajara ya nyumba ya Ames: wahitimu na vijana, Julai 2024 hadi Juni 2025

Julai

Bodi ya nyumba imenikabidhi matengenezo ya mwaka huu wa masomo, nami nimeamua kuweka shajara hii kwa Kiswahili. Ndugu zangu wa Morogoro huniuliza inakuwaje mtu mwenye mke na watoto aache Jumamosi yake Des Moines, aendeshe gari hadi Ames, mji wa chuo, kukagua mabomba ya nyumba ya wanafunzi wasiomhusu. Wananihusu. Nilifika jimbo hili la Iowa, Marekani, nikiwa kijana, sina jamaa hata mmoja upande huu wa bahari, na nyumba hiyo ndiyo iliyonipokea.

Kwa asiyeijua habari hii: vyuo vingi vya Marekani vina vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume, frateniti, vinavyoitwa kwa herufi mbili au tatu za Kigiriki. Vingi vina nyumba. Tangu miaka ya 1840, wanachama wa Chi Psi walipojijengea kibanda cha magogo Ann Arbor, Michigan, mtindo huo umeenea nchi nzima. Vijana hulala humo, hula humo, husoma humo, na hujichagulia rais, mweka hazina, meneja wa nyumba na msimamizi wa jikoni. Jengo lenyewe si lao. Ni mali ya shirika dogo lisilo la faida, na wanachama wa shirika hilo ni sisi tuliokwisha kuhitimu. Vijana hutulipa pango; sisi tunalipa mkopo, bima, kodi ya jengo na mafundi. Katika bodi hakuna anayelipwa hata senti.

Tumepita chumba kwa chumba. Paa ni zima, kwa kuwa lilibadilishwa baada ya ile dhoruba ya upepo ya tarehe 10 Agosti 2020 iliyolipiga jimbo hili kutoka magharibi hadi mashariki. Boila inafanya kazi lakini nyumba inagonga usiku. Vitambua moshi vipo. Vinyunyizio vya kuzima moto havipo kabisa. Vitanda ni 38 na waliosaini mkataba wa muhula ujao ni 26.

Kilichonisumbua kuliko yote ni kabati la mweka hazina. Aliyeshika kazi hiyo amehitimu Mei, amekwenda zake, na nywila za akaunti amekwenda nazo kichwani. Aliyempokea amekuta bahasha za risiti zisizo na mpangilio. Sidhani kama ni uzembe wa kijana mmoja. Nyumba ambayo wakazi wake wote huondoka ndani ya miaka minne haiwezi kujikumbuka yenyewe. Kazi ya wahitimu, ninavyoiona, ni kuwa kumbukumbu hiyo, kisha kuirudisha mikononi mwa vijana kila mwaka ili waitumie wao. Tukifanya kila kitu sisi, tutabaki na jengo zuri lenye wapangaji, na udugu utakuwa umekufa ndani yake.

Agosti, wikiendi ya kazi

Wamekuja wahitimu wa rika zote: waliomaliza juzi, na wazee wenye wajukuu. Kikundi kimoja kimepaka rangi ngazi, kingine kimekwenda jikoni. Mimi na meneja wa nyumba, kijana wa mwaka wa tatu, tumeshuka kwenye boila.

Mfumo wetu ni wa mvuke wa bomba moja, kama nyumba nyingi za zamani za huku. Boila huchemsha maji, mvuke hupanda hadi kwenye rejeta za chuma zilizoko ukutani, na ukipoa hugeuka maji yanayorudi chini kwa bomba lilelile. Rejeta ikiinama upande usiofaa, maji hayarudi. Mtu akiacha valvu nusu wazi, hayarudi pia. Mvuke mpya ukija unayakuta njiani, unayasukuma kwa kishindo, na nyumba inagonga kana kwamba fundi mwenye nyundo amejengewa ndani ya ukuta. Miaka yote vijana wameamini boila ni mbovu na wametaka inunuliwe mpya.

Tumechukua pimamaji na kabari za mbao, tukaanza ghorofa ya juu. Rejeta mbili za kwanza nilimwonyesha: inua mguu wa mbali kidogo, hakikisha kiputo kinaonyesha mteremko kuelekea kwenye valvu, fungua valvu yote au funga yote, usiache katikati. Ya tatu akaifanya yeye. Baadaye akamwita mwenzake wa mwaka wa pili akamfundisha, mimi nikawa nashika tochi tu. Mhitimu mmoja, mtu mwema sana na fundi hodari, alishauri tuwaondoe vijana tumalize wenyewe kabla ya chakula cha mchana. Nilikataa, na tulibishana kidogo kwenye korido. Tumemaliza jioni sana, lakini sasa ndani ya nyumba wamo watatu wanaojua kwa nini rejeta hugonga, na mmoja wao atakuwepo miaka mitatu ijayo.

Kila valvu imefungwa kikaratasi kigumu chenye maneno matatu: yote au funga.

Septemba

Msimu wa kupokea wanachama wapya umekwisha. Vitanda 33 vimepata wenyewe. Mkopo haupungui kwa sababu kitanda ni kitupu, wala bima haipungui, kwa hiyo kila godoro lisilo na mtu linagawanywa kwenye mifuko ya waliobaki.

Kikaoni rais wa vijana alipendekeza vitanda vilivyobaki wapangishwe wanafunzi wasio wanachama. Wazo si baya, ila shirika letu lina msamaha wa kodi wa klabu ya kijamii, kifungu cha 501(c)(7). Klabu ya aina hiyo inatakiwa kuishi kwa fedha za wanachama wake. Mapato ya nje yasizidi asilimia 35 ya mapato yote, na ndani ya hizo, yanayotokana na watu wasio wanachama kutumia jengo yasizidi asilimia 15. Nilimwomba mweka hazina apige hesabu mwenyewe pale pale. Alipata kwamba kwa vitanda vitano muhula mmoja tungebaki ndani ya mpaka, lakini tukiongeza wapangaji wa likizo ya kiangazi tungeukaribia. Wameamua wenyewe: kiangazi ndiyo, muhula hapana. Katika muhula wanataka meza ya chakula iwe ya wanachama.

Pombe imezungumzwa pia, kama kila Septemba. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1984, jimbo lisiloweka umri wa miaka 21 hupunguziwa fedha za barabara, kwa hiyo 21 ndiyo sheria kila mahali, na wengi wa vijana wetu hawajaifikia. Mkataba wa upangaji umeandikwa upya: pombe kali hairuhusiwi ndani ya jengo. Kuna wahitimu walionung'unika, wakikumbuka enzi zao. Nimewajibu kwamba enzi zao nazo zilikuwa na wazazi waliopigiwa simu usiku.

Pendekezo la kukodi kampuni ya usimamizi wa nyumba limeletwa na wajumbe wawili wa bodi. Kura zimelikataa kwa tofauti ndogo. Kampuni ingekusanya pango vizuri kuliko sisi, hilo nalikubali. Ila kijana wa miaka ishirini aliyewahi kumpigia simu fundi wa mabomba, kubishana bei naye, kusaini hundi na kuieleza mbele ya wenzake thelathini ana elimu asiyoweza kupewa darasani, nami sitaki tuiuze.

Oktoba

Wiki ya wahitimu kurudi chuoni. Nyumba imejaa, na darini tumefungua masanduku ya mihtasari ya vikao vya zamani ili tupate nafasi ya mabomba ya vinyunyizio vya baadaye.

Katika sanduku moja kulikuwa na katiba ya zamani ya chama chetu cha taifa, yenye kifungu kinachosema mwanachama awe mzungu na Mkristo. Vyama vingi vya udugu vilikuwa na vifungu vya namna hiyo hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na vilifutwa miaka ya 1950 na 1960, vingine kwa kushurutishwa na vyuo. Nilikuwa nikijua habari hiyo. Kuishika karatasi yenyewe mkononi, ndani ya nyumba niliyoishi, ni jambo jingine. Nilikaa juu ya sanduku nikaisoma yote.

Mzee mmoja aliyehitimu mapema miaka ya 1960 alinikuta pale. Hakujitetea wala hakuniomba niiache. Alinisimulia kikao ambacho tawi letu lilipiga kura kutaka kifungu kiondolewe, jinsi kilivyodumu hadi usiku wa manane, na majina ya waliohama nyumba kwa hasira. Tukautafuta muhtasari wa kikao hicho, tukaupata. Nimempa meneja wa nyumba karatasi zote mbili. Asili zitakwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo, nakala zitabaki sebuleni mahali ambapo mgeni yeyote anaweza kuzisoma. Bodi imekubali bila mjadala.

Kwa sababu ya vifungu hivyo, na kwa sababu ya milango mingine iliyofungwa, Waafrika Wamarekani walianzisha vyama vyao: Alpha Phi Alpha katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, Phi Beta Sigma katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1914, na vingine baada yao. Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah walipokuwa wanafunzi Marekani waliingia Phi Beta Sigma. Matawi mengi ya vyama hivi hayana nyumba, na bado wahitimu wao wana matawi yao ya watu wazima na hubaki wanachama hai hadi uzeeni. Rafiki yangu wa kanisani ni mmojawapo, na namna wanavyokabidhiana madaraka, aliyetangulia akikaa bega kwa bega na anayeingia kwa muda mzima, ndiyo niliyoipeleka kwenye bodi yetu. Novemba tunaianza.

Novemba

Mwaka wetu wa fedha hufungwa 30 Juni, kwa hiyo taarifa ya mwaka kwa mamlaka ya kodi, fomu 990, mwisho wake ni 15 Novemba. Shirika likikosa kuiwasilisha miaka mitatu mfululizo hupoteza msamaha wa kodi moja kwa moja. Ndivyo sheria ilivyo tangu 2006. Mwaka mmoja wa nyuma haukuwasilishwa. Tumeuwasilisha sasa pamoja na wa mwaka huu, na mhasibu wetu, mhitimu anayetufanyia bure, ameijaza fomu mbele ya mweka hazina wa vijana, mstari kwa mstari.

Daftari la makabidhiano limeanza. Ni faili la pete, la karatasi peke yake bila kompyuta, kwa makusudi: akaunti ya mtandaoni hupotea na nywila, faili lililofungiwa ofisini halipotei kirahisi. Ndani yake kuna tarehe za kodi na bima, mafundi tunaowatumia na nani aliwahi kutuangusha, mahali valvu kuu ya maji ilipo, namna ya kuwasha boila ikizimika. Anayeandika ni kijana. Mhitimu husoma na kuuliza maswali pembeni kwa penseli.

Desemba

Nyumba inafungwa kwa likizo. Boila imewekwa isiruhusu joto la ndani kushuka chini ya nyuzi 13 za Sentigredi, milango ya makabati ya masinki iachwe wazi joto lifike kwenye mabomba, na wahitimu wanaoishi karibu wamejigawia zamu za kupita.

Tarehe 23 Rais Biden amesaini sheria ya shirikisho dhidi ya unyanyasaji wa wanachama wapya vyuoni. Sasa vyuo vitalazimika kuhesabu matukio hayo katika taarifa yao ya usalama ya kila mwaka, na kutangaza hadharani vyama vilivyopatikana na hatia. Ninaiunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 2017 Timothy Piazza, kijana wa miaka 19, alikufa baada ya usiku wa kupokea wanachama wapya katika nyumba ya frateniti huko Pennsylvania. Alianguka ngazi, na walioitwa ndugu zake walichelewa saa nyingi kuomba msaada. Kila ninapopita kwenye ngazi zetu namkumbuka. Januari tutakaa na vijana wote, tuisome sheria hiyo pamoja, na namba ya dharura ibandikwe mahali ambapo hata mlevi ataiona. Anayepiga simu hataadhibiwa na bodi kwa kupiga simu. Hilo limo kwenye mkataba sasa.

Januari 2025

Baridi ya chini ya nyuzi 20 hasi. Mwenye zamu ameona barafu kwenye bomba la bafu la upande wa kaskazini kabla halijapasuka. Limepashwa taratibu kwa hewa ya moto, na limevikwa sponji.

Kikao kikubwa cha mwaka: vinyunyizio. Nimewaeleza vijana habari ya Chapel Hill, North Carolina. Tarehe 12 Mei 1996, asubuhi ya mahafali, ambayo huku ilikuwa pia Siku ya Akina Mama, moto ulianza ghorofa ya chini ya nyumba ya Phi Gamma Delta. Wanafunzi watano walikufa. Wazazi walikuwa mjini, wamekuja kuwaona watoto wao wakivaa majoho. Nyumba haikuwa na vinyunyizio, na mji huo baadaye ukazilazimisha nyumba zote za udugu kuviweka.

Swali la kwanza lilikuwa lile lile la siku zote: mtu akichoma mkate, nyumba nzima italowa? Hailowi. Kila kichwa cha kinyunyizio kina kichupa cha kioo chenye kimiminika. Joto likifika kama nyuzi 68 kichupa hupasuka, na maji hutoka kwenye kichwa hicho peke yake, juu ya moto ulipo. Moshi haukipasui. Vingine hubaki vimefungwa. Nilileta kimoja, kikapita mkono kwa mkono.

Swali la pili liliulizwa na meneja wa nyumba, na lilikuwa zuri kuliko yote: darini hakuna joto, je, maji hayataganda kwenye mabomba? Yangeganda. Ndiyo maana dari itawekewa mfumo mkavu, mabomba yaliyojaa hewa yenye mgandamizo. Kichwa kikifunguka hewa hutoka kwanza, valvu iliyo sehemu yenye joto hufunguka, maji yanafuata. Ghorofa nyingine zitakuwa na maji muda wote.

Vijana wamepiga kura kuongeza pango lao kidogo kila muhula ili kuchangia. Hatukuwaomba.

Februari

Mpishi wetu ni mama kutoka Bukavu, na ndiye pekee ninayezungumza naye Kiswahili ndani ya nyumba hiyo. Kamlalamikia msimamizi wa jikoni mara nyingi kwamba orodha ya manunuzi huletwa Ijumaa jioni, hivyo Jumatatu anapika kwa kubahatisha. "Kaka, hawa batoto banakulaka mingi," aliniambia, "lakini hawasemi watakuwa wangapi." Sikumtatulia. Nilimkalisha na kijana meza moja, wakapatana: idadi ya walaji ibandikwe kila Alhamisi asubuhi. Inafanya kazi.

Machi

Fedha. Mchango kwa shirika la nyumba haumpi mtoaji nafuu ya kodi, kwa kuwa ni klabu. Mchango kwa mfuko wa elimu wa wahitimu, wenye hadhi ya shirika la hisani, kifungu cha 501(c)(3), unampa, lakini mfuko huo unaweza kulipia sehemu za kielimu tu. Kwa hiyo chumba cha kusomea, meza na nyaya za intaneti vitalipwa na mfuko, na vinyunyizio vitalipwa kwa michango ya kawaida, pango na mkopo mdogo. Barua tumeandika kwa mkono kwa wahitimu wa miongo yote. Vijana wameandika zaidi ya nusu, kila mmoja kwa mtu aliyewahi kulala chumba chake. Barua hizo zimeleta fedha kuliko nilivyotarajia, na zimeleta kitu kingine: wazee wanajibu kwa kurasa mbili tatu, wakieleza dirisha gani halifungi.

Aprili

Uchaguzi. Mweka hazina mpya ni wa mwaka wa pili. Wa zamani yuko bado, na kwa wiki zote zilizobaki wanakaa pamoja Jumapili jioni na faili la pete. Hundi zinasainiwa na mpya, wa zamani anatazama. Akaunti zimeandikishwa kwa cheo badala ya jina la mtu. Niliingia ofisini mara moja, nikawakuta wanabishana kuhusu bili ya gesi ya Februari, nikatoka.

Juni

Mkandarasi ameanza juu, darini, na anashuka. Ukuta wa ghorofa ya pili umetobolewa sehemu nyingi na vumbi liko kila mahali, lakini ratiba haijachelewa. Meneja wa nyumba amebaki Ames kiangazi hiki kwa kazi ya mafunzo, na ndiye anayemfungulia mkandarasi mlango asubuhi na kunitumia picha jioni. Mkaguzi wa zimamoto atakuja mara mbili: kabla kuta hazijazibwa, na siku ya majaribio ya maji.

Mikataba ya Agosti imefika 36 kati ya vitanda 38. Bado kofia ya kuvutia moshi iliyo juu ya jiko, ambayo bima inataka isafishwe na fundi mwenye cheti, na bado vigae vya bafu la kaskazini. Wikiendi ya kazi itakuwa Jumamosi na Jumapili kabla ya masomo kuanza. Meneja anahitaji watu wawili wanaojua kupanga vigae, mmoja mwenye lori, na yeyote aliyeishi chumba cha kona ghorofa ya tatu kabla ya 1990, kwa sababu ukutani kumeonekana bomba lisilojulikana linakokwenda.